Uzi Mwekundu Kwenye Kisiki cha Shu

Vijana wa stasheni, tangu nilipokabidhi ufunguo wa stoo ya mbegu mmekuwa mkiniuliza swali moja kuliko mengine yote: kwa nini sisi tunafunga uzi mwekundu kwenye kisiki baada ya kukata shu, yaani kabichi, na si kwenye shu lenyewe kabla ya kulikata, kama vitabu vinavyoelekeza? Kila mara nimewajibu kwamba ndivyo tulivyozoea. Hilo ni jibu la mtu aliyechoka. Sasa sina tena maua ya kufunga wala mkuu wa kunihimiza, nina kiti na karatasi, basi nitawajibu vizuri. Itabidi mnivumilie nianze mbali, maana mzee akiulizwa njia huanza na siku aliyozaliwa.

Sitaandika habari za vyeo na mishahara. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara ikaja nyuma ya vyeo. Yote mawili nimeyasamehe.

Mimi ni mtoto wa Nyakabere. Kwetu tulijua mpunga, muhogo na isogi, ile mboga chungu ambayo mama zetu wanaichemsha mpaka ukali utoke. Shu tuliliona likishuka kutoka milimani mgongoni mwa wanawake, likielekea kwenye meza za Wazungu kule Uvira. Sikuwahi kulila. Nilikuwa nimemaliza shule kwa mapadri nilipokwenda Luberizi kuomba kazi kwenye stasheni ndogo ya utafiti wa mboga, nikijua tu kwamba huko wanavaa viatu.

Niliyemkuta pale ni mwanamke mfupi, amevaa buti za kiume na kofia ya majani ambayo mbuzi alikuwa ameionja ukingoni. Wote walimwita Madamu Odile. Alikuwa mtafiti wa mimea, na ndiye aliyenifundisha kazi hii yote. Tulikuwa kundi la waombaji. Alitupanga mstari, akapita akimwonyesha kila mmoja chembe mbili nyeusi kwenye kiganja chake. Moja ni haradali, alisema, nyingine ni shu; ipi ni ipi? Wenzangu walikisia kwa ujasiri mkubwa. Zamu yangu ilipofika nilitazama mpaka macho yakatoa machozi, nikamwambia sijui, lakini akinipa udongo na siku chache nitamjibu. Nikaajiriwa. Miaka ilipita kabla sijagundua kwamba hata yeye asingeweza kuzitofautisha kwa macho matupu.

Ukoo huu wa mimea alinifundisha kama mtu anavyofundishwa ukoo wa mke wake: taratibu, na kwa kuonywa. Shu, haradali na figili ni ndugu. Ukitaka kuwajua, tazama ua lao: petali nne zimekaa msalaba. Isogi ya kwetu, alisema, ni binamu wa mbali. Nilifurahi sana kusikia hivyo, nikawaambia nyumbani kwamba mboga yetu ina ndugu Ulaya. Mama akauliza kama hao ndugu watasaidia kulima.

Shida yetu ilikuwa hii. Kwenye bonde la Ruzizi, kwenye joto, shu lilitoa majani mapana kama masikio ya tembo, lakini halikufunga kichwa. Lililojaribu kufunga lilishikwa na ugonjwa wa kuoza: pembe ya njano inaanzia ukingoni mwa jani, mishipa inageuka myeusi, na baada ya wiki chache shamba zima linanuka. Madamu Odile alikuwa akitafuta shu litakalofunga kichwa bondeni na kukataa kuoza, ili mtu wa Luberizi naye alime, ale, auze. Kila msimu tulipanda mengi tukatupa karibu yote. Machache yaliyosimama ndiyo yalikuwa hazina yetu.

Na hapo shida ya pili ilitungojea. Shu halitoi ua mpaka lipigwe na baridi. Bondeni unaweza kulitunza mpaka uzeeke nalo, halitakupa mbegu hata moja. Kwa hiyo mimea mama tuliipandisha kwenye nyanda za juu, kule nyuma ya Uvira, ambako asubuhi unaona pumzi ya ng'ombe ikitoka kama moshi. Bonde lilichagua, mlima ukazaa. Kazi yetu ilikuwa na nyumba mbili kama mwanaume mwenye wake wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nikipanda na kushuka katikati.

Chombo changu kilikuwa pensi, kile kikoleo chembamba cha kushikia vitu vidogo. Ua la shu likishafunguka linakataa chavua yake lenyewe. Linataka ya jirani. Lakini likiwa bado tumba halijajifunza ukali huo. Basi, tulipotaka mmea ujizalie wenyewe, tulifungua tumba kwa pensi, tukaweka chavua, tukafunika tawi kwa mfuko wa karatasi ili nyuki wasilete umbea wa shamba jingine. Kabla ya kuhamia mmea wa pili, pensi ilipanguswa kwa spiriti. Spiriti ile ilikuwa ikiisha upesi kuliko maua, na palikuwa na mwenzetu aliyekuwa akiimba sana siku za kazi hiyo. Sitamtaja, ana wajukuu.

Uhuru ulipofika tulicheza mpaka vumbi la Luberizi likafika magotini. Nilikuwa na furaha ya kweli, na sijaijutia hata leo. Kisha zikaja zile siku za wanajeshi kuasi na Wazungu kuondoka kwa magari yaliyojaa mpaka paani. Madamu Odile alingoja mpaka siku ya mwisho. Nilimsindikiza hadi Kavimvira, kwenye kizuizi cha mpakani, nikiwa nimembebea sanduku. Alinipa pensi yake na lenzi yake, akaniambia mbegu ziko kwenye makopo, nichague mama vizuri, mengine yatajipanga. Kisha akavuka kwenda Burundi. Alitaka kunipa na kofia, nikakataa, kwa sababu ya mbuzi.

Stasheni ikabaki yetu. Wakuu walikuja wakaenda. Mmoja wao hakuwahi kuingia shambani kwa kuhurumia viatu vyake. Mbegu mpya kutoka nje hazikuja tena, nasi tukabaki na zile za makopo: shu letu la Ruzizi, lile pekee lililokuwa limeanza kufunga kichwa kwenye joto. Lakini mbegu ya shu haina subira. Kila msimu nilizilaza chache kwenye kitambaa chenye maji nihesabu zinazochipua, na kila msimu zilizochipua zilipungua. Ikawa wazi kwangu kwamba tusipopata mbegu mpya upesi, kazi yote ya Madamu Odile ingekufa kimya kimya ndani ya kopo. Nilichukua nusu ya zilizobaki nikapanda nazo mlimani. Nusu nyingine niliiacha stoo, nikijiona mwenye akili.

Mwenyeji wangu kule juu alikuwa mjane aliyeitwa Mama Rusi. Watu wa huko ni wafugaji, wanapenda ng'ombe na kanisa, na mara nyingine hujui wameanza na kipi. Mama Rusi alitupangisha kipande cha shamba nyuma ya zizi lake. Mashu yalikubali. Yalipofunga vichwa nilipita mstari kwa mstari, nikachagua yale bora kuliko yote, nikayafunga kila moja uzi mwekundu wa sufu shingoni. Hayo ndiyo yangeachwa yasimame, yapigwe na baridi, yatoe ua. Nilimweleza Mama Rusi wazi: mashu yenye uzi ni mazuri kupita yote, yasiliwe nyumbani. Akaitika kwa heshima, nikashuka bondeni kuona kazi nyingine.

Niliporudi ilikuwa Jumapili. Nyumbani hapakuwa na mtu, nikaenda kanisani nikakaa nyuma. Ilikuwa siku ya malimbuko. Mbele, chini ya mimbari, palikuwa na mahindi, maharagwe, vibuyu vya maziwa, na safu nzima ya mashu yakimetameta. Nikasema moyoni, hawa watu wamelima mashu mazuri kama yangu. Kisha nikaona nyuzi nyekundu.

Sikusikia tena neno la mahubiri. Mlima mzima ulijua jambo ambalo mimi niliyesoma kwa mapadri sikulijua: kule, mtu akishaona zao lake bora shambani analifunga kamba au uzi, ili mtoto asilichume na mgeni asilisifu mno, kwa sababu hilo ni la Mungu. Nilikuwa nimemtolea Mungu mashu yangu yote ya mbegu, kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa ukarimu usio na mfano.

Mama Rusi aliniona nje, akafikiri machozi yangu ni ya furaha. Nilipomweleza, alishangaa.

"Minye nilifwata maneno yako," alisema. "Ulisema yenye uzi iko mazuri kupita yote, na tusiyakule mu nyumba. Mu nyumba hatukukula hata jani."

Ilikuwa kweli tupu. Nikamwendea Mchungaji Yakobo, mzee mpole mwenye sauti ya kuchungia, nikamwomba anirudishie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono begani mwangu.

"Baba Shu," aliniambia, maana hilo ndilo jina walilonipa kule, "kitu kikishafika hapa mbele hakirudiaka nyuma. Kama unakitaka, ungoje munada kama wengine."

Kule malimbuko hunadiwa baada ya ibada, na kinachopatikana kinasaidia kanisa. Nilisimama kwenye mnada nikajaribu kununua mashu yangu. Niliahidi kuku ambaye sikuwa naye. Mzee Semahoro, mwenye ng'ombe wengi na ubishi mwingi zaidi, akaahidi kibuyu cha siagi. Nikaongeza kuku wa pili wa hewani, akaongeza kibuyu. Watu walicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Mashu yote yakaenda kwenye nyumba za watu.

Lakini nilipokuwa nimekaa pale nimekasirika, nikakumbuka visiki. Wamekata vichwa; mizizi imebaki. Kisiki cha shu kinachipua pembeni, kila mpishi anajua. Bondeni vichipukizi vile viliishia kuoza. Hapa, kwenye baridi, je? Sikuwahi kulisoma wala kulisikia kwa Madamu Odile. Ila sikuwa na kitu kingine cha kutumaini, na mtu mwenye tumaini moja hulishika kwa mikono miwili. Niliomba ruhusa ya kusema, nikawasihi wote walionunua wasile bado, waje na mashu yao shambani.

Walikuja, wakiwa bado na nguo za ibada. Tulilinganisha kila kichwa na kisiki chake kwa mahali kisu kilipopita, kama unavyotafuta mfuniko wa chungu. Kisha kila shu likapasuliwa mbele yangu, nikatazama ndani. Na hapo nilijifunza kitu ambacho nisingekijua kamwe kama mambo yangekwenda nilivyopanga. Baadhi ya yale niliyoyaona bora kwa nje yalikuwa ndani matupu, yamejaa bua na hewa. Mawili yalikuwa na mishipa myeusi tayari, ugonjwa umejificha ndani ya uzuri. Hayo ningeyaacha yazae. King'oeni kisiki hiki, nilisema, na hicho. Vilivyobaki ni visiki vya mashu yaliyokuwa mazuri mpaka moyoni, na hivyo ndivyo nilivyovifunga uzi.

Ndipo Mzee Semahoro akanizuia mkono.

"Kisiki pia iko yangu," alisema. "Ukinunuaka ng'ombe, unaachaka miguu yake?"

Tulibishana mpaka jasho likatutoka kwenye ule upepo wa baridi. Mchungaji Yakobo aliamua: kilichonunuliwa mbele ya Mungu kimenunuliwa na shina lake. Kila kisiki kikawa na mwenye nacho, na mimi nikawa mgeni katika utafiti wangu. Niliwaomba tu wasiruhusu shu wala haradali nyingine kutoa ua karibu, wazuie ng'ombe, na makaka ya mbegu, yaani maganda yake, yakigeuka rangi ya majani makavu wayakate. Nilishuka mlima nikinung'unika njia nzima.

Muda si mrefu uasi dhidi ya serikali ukafika kwetu. Waasi wakaingia Uvira, barabara ya bondeni ikafungwa, na kila upande ukawa na sababu ya kumwogopa mtu mwenye viatu. Stasheni iliporwa asubuhi moja. Nilipoweza kuingia, rafu za stoo zilikuwa wazi. Waliochukua hawakutaka mbegu, walitaka makopo. Mbegu zilikuwa zimemwagwa sakafuni, na kuku wa jirani walikuwa wamekwisha kula kazi yote ya Madamu Odile. Nilimkamata mmoja, nikamwachia. Angenisaidia nini?

Nilivuka Kavimvira na mke wangu, mtoto mgongoni na mkeka kichwani, pale pale nilipoagana na Madamu. Burundi tulikaa kwa ndugu wa mke wangu. Mfukoni nilikuwa na pensi na lenzi. Kila nilipotazama milima ya upande wetu ikiwa imefunikwa na mawingu niliwaza visiki vile: sasa baridi imevipata, sasa vinapaswa kutoa ua, sasa makaka yanakomaa. Niliwaogopea watu wa kule kwanza, nataka mjue hivyo. Lakini baada ya watu niliogopea mashu.

Njia zilipofunguka kidogo nilipanda. Nyumba ya Mama Rusi ilikuwa imebaki kuta. Nyuma ya zizi, shamba letu lilikuwa magugu matupu, na mahali pa kila kisiki palikuwa na shimo. Si kisiki kilichooza, si kilicholiwa na ng'ombe: shimo. Nikasema watu wenye njaa wamechimba hata mizizi, na ni nani angewalaumu. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Madamu Odile alikuwa ameniachia jambo moja tu.

Nikasikia wakiimba. Ilikuwa tena Jumapili, na wao walikuwa wamerudi, ingawa paa la kanisa lilikuwa nusu. Nilikaa nyuma, mahali pangu. Wakati wa matoleo watu walikwenda mbele na vitu vichache kuliko mara ile: maziwa kidogo, viazi. Kisha Mama Rusi akaenda na kifurushi kidogo cha kitambaa, kimefungwa uzi mwekundu. Nyuma yake akaenda mwingine na kifurushi chake. Akaja Mzee Semahoro, akitembea kwa fimbo, na kifurushi chake.

Mchungaji alinieleza baadaye. Walipokimbia na ng'ombe kwenda juu zaidi, hakuna aliyetaka kuacha kitu alichokinunua mbele ya Mungu. Kila nyumba ilichimba kisiki chake na udongo wake, ikakibeba kwenye kikapu au chungu kilichopasuka. Kule maficho walivipanga pamoja kando ya zizi, ili mtu mmoja avilinde vyote. Vingine vilikufa. Vilivyobaki vilitoa ua pamoja, nyuki wakapita katikati yake, na karibu na hapo hapakuwa na shu wala haradali ya mtu mwingine yeyote; makaka yalipokauka, kila nyumba ilifunga mbegu zake kwenye kitambaa. Nisingeweza kulipanga vizuri hivyo hata kwa karatasi zote za stasheni. Kama mashu yale yangebaki yangu, yangebaki nyuma ya zizi bila wa kuyabeba, na yangekwisha mara moja.

Mashu mnayoyaona leo yakipakiwa kwenye malori Luberizi, na yale ambayo akina mama wanayavusha Kavimvira, ni wajukuu wa vifurushi vile. Ndiyo maana tunakata kwanza, tunatazama moyo, tunakula bila aibu, halafu tunafunga kisiki. Na ndiyo maana kila mkulima anayetulelea visiki tunamwachia sehemu ya mbegu iwe yake, hata mkuu akiuliza kwa nini.

Lakini Jumapili ile mbegu hazikuwa zangu bado. Ibada ilikwisha, shemasi akainua vifurushi vyote pamoja, akauliza nani anaanza. Nilisimama. Nilikuwa na shati moja.

"Niko na mikono tu," nilisema. "Nitalima shamba ya kanisa mpaka museme basi."

Shemasi aliuliza nani anaongeza juu ya hapo. Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Semahoro, ambaye hakuwahi kuacha mnada upite bila kubisha. Alikuwa akiitazama fimbo yake. Shemasi akauliza tena.

"Funga munada," Mzee Semahoro alisema mwishowe. "Huyu muntu anataka kwenda kupanda."